Namna ya kununua nyumba ya mnada Arusha na Moshi kabla nyundo haijagonga

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na fremu yangu iko karibu na soko la Kilombero hapa Arusha. Ndani ya miaka minne nimehudhuria minada sita ya nyumba, nikanyanyua mkono kwenye mnada mmoja tu, na nyumba ninayoishi sasa Moshono sikuinunua kwenye mnada wowote. Niliinunua siku kumi na moja kabla ya mnada wake. Wateja wakisikia hivyo wanasahau kupimwa kiuno, wanataka kujua nilifanyaje, nami nimechoka kueleza huku nimebana pini mdomoni. Basi naandika, atakayeuliza nimpe asome.

Tuanze na kalenda, maana wengi wanadhani benki ikikasirika leo kesho inauza. Sivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya rehani yaliyoletwa mwaka 2008, mkopaji aliyeshindwa marejesho lazima apewe taarifa ya maandishi na siku 60 za kulipa tangu aipokee. Zikiisha bila malipo ndipo benki inaweza kumpa dalali kazi ya kuuza. Dalali naye habandiki tangazo jioni akauza asubuhi: ardhi ikipigwa mnada, sheria ya madalali inataka umma utangaziwe siku zisizopungua 14, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mauzo. Ukijumlisha ni miezi miwili na nusu kwa uchache, na kwa kweli inakuwa zaidi, maana watu wanaomba kuongezewa muda, wanaandikiana barua, wanalipa kidogo wanasimama tena. Muda huo wote nyumba bado ni ya yule mkopaji, na bado anaweza kuikomboa. Wewe ukisubiri siku ya nyundo umeukosa muda ambao mambo yanazungumzika.

Habari za nyumba hizi ziko wazi kuliko watu wanavyofikiri. Matangazo ya mnada hutoka kwenye magazeti, Mwananchi na Nipashe kwa mfano, kwenye zile kurasa za katikati ambazo mimi zamani nilikuwa nafungia vitambaa. Linapita pia gari la matangazo mtaani, na karatasi inabandikwa getini na kwenye ofisi ya mtaa. Nilipoanza kutafuta nilimwomba muuza magazeti wa pale Mnara wa Saa aniwekee gazeti lolote lenye tangazo la mnada wa Arusha au Kilimanjaro, hata likiwa la jana. Aliniwekea karibu miaka miwili. Ila nyumba yangu sikuipata gazetini. Niliambiwa na fundi bomba aliyeenda kutengeneza choo akakuta karatasi getini. Kwa hiyo watangazie mafundi: bomba, umeme, rangi. Wao wanaingia kwenye mageti kabla ya dalali.

Na hapo pana neno linalochanganya watu. Dalali wa mnada ni mwenye leseni, ana barua ya benki au amri ya mahakama mkononi. Dalali wa mtaani ni yule kijana wa kukutafutia chumba cha kupanga, anayetaka elfu kumi ya usumbufu kabla hajakuonyesha hata mlango. Huyu wa pili akikwambia ana "nyumba ya benki" na benki imempa yeye aiuze kimyakimya, muulize barua iko wapi. Mimi niliuliza mara tatu kwa watu watatu tofauti, na mara zote tatu barua "ilikuwa nyumbani". Vishoka hao.

Tangazo halali lina jina la mwenye nyumba, namba ya kiwanja, kitalu, eneo, mara nyingi na namba ya hati, jina la kampuni ya udalali, tarehe, saa na mahali. Lipige picha. Vitu hivyo vinakutosha kuanza kazi, na kazi yenyewe haianzii kwenye nyumba, inaanzia ofisi ya ardhi.

Kule unaomba upekuzi wa hati. Unajaza fomu, unapewa namba ya malipo, unalipa, halafu unasubiri jibu la Msajili wa Hati. Zamani watu wa Arusha tulikuwa tunapanda basi kwenda Moshi kwa ajili hiyo, na ndiyo maana hati nyingi za zamani za Arusha zimeandikwa kwamba zilisajiliwa Moshi. Usishtuke ukiona hivyo. Jibu la upekuzi linakuonyesha mmiliki ni nani, rehani ziko ngapi na za nani, na kama kuna zuio. Soma rehani zote. Niliwahi kukuta nyumba moja Sakina ambayo mnada ulikuwa wa benki moja kumbe kuna mkopeshaji wa pili aliyesajiliwa nyuma yake. Sikutaka kujua wangegawana vipi, nikaaga.

Kama nyumba haina hati kabisa, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, basi mkopeshaji mara nyingi si benki kubwa, ni mtu wa mikopo ya haraka. Nyumba za namna hiyo ziko tele maeneo yasiyopimwa, na bei yake itakutoa mate. Mimi sikuzigusa. Huna pa kufanya upekuzi, huna Msajili, una muhuri wa mwenyekiti ambaye pengine ameshatoka madarakani. Wapo walionunua wakakaa salama, sikatai. Mimi pesa yangu ni ya sindano, siwezi kuichezea.

Upekuzi ukitoka safi bado hujamaliza, maana hati haisemi kila kitu. Yapo mambo ambayo mpaka uende ukasimame pale.

La kwanza ni mwenza. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke; iko kwenye Sheria ya Ardhi na iko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukikuta mke anasema "mimi sijawahi kusaini chochote", jua kuna kesi inakuja, kama haijafunguliwa tayari. Mnada wa kwanza niliohudhuria ulikuwa Muriet. Tulifika watu kama thelathini, dalali ameshafungua kipaza sauti, mara boda ikafunga breki na wakili kijana akashuka na karatasi. Zuio la mahakama. Mama mwenye nyumba alikuwa amefungua shauri wiki ile. Dalali akaikunja meza yake, sisi tukatawanyika kama watu waliokuja msibani wakaambiwa marehemu amezinduka. Nilikuwa sijatoa hata shilingi, namshukuru Mungu. Wanaonunua kabla zuio halijafika ndio wanaokaa miaka kwenye korido za mahakama. Tangu siku hiyo nikajifunza kuingia TanzLII, mahali ambapo hukumu za mahakama zetu huwekwa bure, na kutafuta jina la mwenye nyumba na la mkopeshaji. Kisha naenda masjala ya Mahakama Kuu na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuuliza kama kuna shauri juu ya kiwanja kile. Unauliza kwa adabu, unajibiwa.

La pili nawaambia hasa wanaotafuta upande wa Kilimanjaro: kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Niliona tangazo la nyumba nzuri Kibosho, bei ya kuanzia ndogo mpaka nikadhani wamekosea sifuri. Nikapanda basi mpaka Moshi, nikachukua gari la kupandisha. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, migomba imeizunguka, kahawa nyuma, na kando ya migomba makaburi mawili yamewekwa vigae, moja saruji yake haijapoteza rangi. Mzee mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliniangalia tu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, halafu akaniuliza: "Mwanangu, hawa nao umewanunua?" Nilirudi Arusha na basi la saa tisa. Hata kama karatasi zimekamilika, utakaa na nani pale? Utamwazima nani jembe? Ukoo mzima unapita uani kwako kuja kusafisha makaburi ya babu zao, na wana haki ya moyo hata kama hawana hati. Moshi tafuta Soweto, Pasua, Njoro, Msaranga, huko viwanja ni viwanja. Kihamba kiache.

La tatu ni ardhi yenyewe. Nenda siku ya mvua, na kama mvua haipo, waulize majirani maji yanapita wapi. Pande za chini za mji, Arusha na Moshi pia, kuna udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa maana inapasuka nao. Nyufa zilizopakwa rangi mpya ziguse kwa ukucha. Angalia pia kama nyumba ina alama ya X nyekundu au kama iko jirani na barabara kuu: hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, na benki ilipokopesha pengine hakuna aliyepima. Chukua mpima aziangalie bikoni, yale mawe ya mipaka. Mimi nilimlipa 300,000 akakuta ukuta wa jirani umeingia kwetu hatua moja na nusu. Bora kuyajua hayo kabla.

Halafu uliza nani anaishi mle ndani. Hili watu wanaona aibu kuuliza, kumbe ndilo linaloifanya nyumba iwe rahisi au ghali. Ukinunua mnadani unapewa karatasi. Funguo hupewi, funguo ziko kwa mtu ambaye amekuchukia. Akigoma kutoka hutamtoa kwa kufuata mabaunsa na kung'oa mabati, unaweza kuishia polisi wewe. Unaenda mahakamani kuomba amri ya kumwondoa, na wakati huo SACCOS yako inakudai marejesho kila mwisho wa mwezi kwa nyumba ambayo hujalala hata usiku mmoja. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe ndio watakaokwambia ukweli: ni mwenye nyumba, ni wapangaji, ni mama yake mgonjwa, au ni mdhamini asiye na kosa aliyeweka nyumba yake kumsaidia shemeji. Niliwahi kukaa na mwenyekiti mmoja saa nzima kwa soda mbili, na alichonieleza hakikuwa kwenye karatasi yoyote. Ila mwenyekiti akikwambia ana asilimia zake kwenye mauzo, mwombe akuonyeshe sheria inayosema hivyo.

Sasa bei, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kila mtu anayeniuliza anataka kusikia "nusu ya bei". Ukipata kwa nusu ya bei, ogopa. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye rehani, yaani mkopeshaji, auze kwa bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya wastani ya nyumba kama hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mwenye rehani hakutimiza wajibu wake, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe. Ni kweli mnunuzi mwenye nia njema analindwa na sheria hiyohiyo, lakini ulinzi huo utaupata ukiwa umeshalipa wakili, na kuna tofauti kati ya kushinda kesi na kukaa nyumbani kwako kwa amani.

Kwa hiyo mtafute mthamini aliyesajiliwa, wako mwenyewe, si wa benki. Wangu alinitoza 350,000 akaniandikia kwamba nyumba ile ya Moshono, vyumba vitatu, kimoja chenye choo ndani, bati la rangi, uzio wa tofali pande tatu na michongoma upande wa nne, thamani yake ya soko ni milioni 72. Robo ya 72 ni 18. Yaani bei ikishuka mpaka 54 tayari umeingia kwenye eneo la kesi. Nikaandika namba mbili nyuma ya daftari langu la vipimo: 54 na 62. Chini ya ile ya kwanza nisichukue hata nikibembelezwa, juu ya ile ya pili sina.

Kwa anayetaka mnada wenyewe, nitasema haya machache. Nenda na kitambulisho cha NIDA na TIN. Soma masharti yaliyotangazwa: kawaida ni asilimia 25 papo hapo nyundo ikigonga, na salio ndani ya siku 14, mnada wa amri ya mahakama salio ni siku 15. Ukishindwa salio, ile robo usitegemee kuiona tena. Hakuna benki niliyoikuta ambayo ingenikopesha pesa ya nyumba ndani ya siku 14, kwa hiyo pesa iwe yako, tayari, kabla hujatoka nyumbani. Lipa kwenye akaunti iliyotajwa kwenye barua ya benki, si kwenye simu ya mtu yeyote hata akiwa amevaa tai. Na uwe na dari yako ya bei. Ule mnada nilionyanyua mkono ulikuwa Sakina, ukaanza na milioni 40. Mimi na baba mmoja wa makamo tulikuwa tunapandishana polepole, mara akatokea kijana wa miwani akawa anatupandisha kwa milioni mbili mbili. Kufika 57 mkono wangu ukawa unanyanyuka wenyewe, mume wangu ndiye aliyeushika. Kijana wa miwani akachukua kwa 61. Baada ya wiki tatu nyumba ileile ikatangazwa tena. Yule kijana hakulipa hata ile robo. Sijui alitumwa na nani, lakini tangu hapo nikiona miwani mnadani narudi nyuma.

Ndipo nikabadili njia. Nikajiuliza: kama mkopaji bado ni mwenye nyumba mpaka siku ya mauzo, kwa nini nisinunue kwake?

Nyumba ya Moshono ilikuwa ya mzee aliyekopa ili anunue Fuso la kubeba vitunguu kutoka Mang'ola. Fuso likapinduka, mkopo ukabaki umesimama. Niliposikia kwa fundi bomba nilifanya upekuzi kwanza, rehani moja, zuio hakuna. Nikaenda kwa mjumbe, nikamwomba anisindikize. Usiende peke yako, na usiende na dalali. Nenda na mtu anayewafahamu, na uvae kama unayekwenda kumwona mgonjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni wa nane wiki hii. Angalia tu, geti liko wazi."

Sikuangalia. Nilikaa kwenye kigoda alichonipa mama, nikanywa chai, nikasema mimi ni dada fundi wa Kilombero, nimeona karatasi getini, nimekuja kuuliza kama wangependa wauze wenyewe badala ya kuuziwa. Bei sikuitaja siku hiyo. Mama ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani, na ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Sisi tutabaki na nini?"

Tulipiga hesabu naye siku ya tatu, juu ya meza ya chakula, mzee akiwa anasikiliza redio na kujifanya hasikii. Deni la benki pamoja na riba lilikuwa milioni 47.9, na dalali alikuwa ameshaongeza gharama za matangazo milioni 1.1, jumla 49. Nyumba ikiuzwa mnadani kwa 54, wangebakiwa na tano, pungufu ya kamisheni ya dalali na chochote kitakachoongezeka mpaka siku hiyo, na watoke wakiangaliwa na mtaa mzima. Mimi nilisema 58. Benki ichukue 49, wao 9, na miezi miwili ya kuhama bila kodi. Ile ni asilimia 19 na kitu chini ya bei ya mthamini, kwa hiyo hakuna mjukuu wa kuja kuniambia nilimwibia babu yake. Redio ikazimwa.

Mzee aliandika barua kwa benki kuomba auze mwenyewe afunge mkopo. Pale benki faili lilikuwa kitengo cha mikopo chechefu, ile isiyolipwa, na afisa wake alikuwa na sura ya mtu ambaye hajaletewa habari njema tangu Krismasi. Alitusikiliza vizuri. Benki haina raha na mnada, ni kesi, ni gharama, ni kusubiri. Inachotaka ni kuona pesa ipo. Nilipeleka taarifa ya akaunti.

Hapa usiende kwa maneno ya mdomo hata kidogo. Tulikuwa na barua ya benki inayotaja deni lote la kufunga mkopo mpaka tarehe fulani. Uliza wazi kama hati hiyohiyo haijashika mkopo mwingine wa mtu huyo. Tulikuwa na barua ya kusitisha mnada, nakala kwa dalali. Na mkataba wa pande tatu, mimi, mzee na mkewe, na benki, ulioandikwa na wakili wangu, ambao unasema milioni 49 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na benki ndani ya siku 14 inatoa hati halisi na hati ya kufuta rehani. Ile 9 ilikaa kwa wakili. Ilitakiwa itoke siku ya funguo, baada ya kukatwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni asilimia 10 ya faida na kisheria ni mzigo wa muuzaji. Liandikeni hili mapema, maana Msajili hahamishi umiliki mpaka TRA walipwe, na hapo ndipo watu waliopatana vizuri huanza kununiana. Mkewe alisaini kila karatasi mbele ya wakili, na tulibandika picha yake.

Pesa yangu ilitoka hivi: kiwanja chetu cha Olmoti tulikiuza 17, akiba yangu na ya mume wangu, ambaye ni dereva wa watalii, misimu miwili mizima, ikawa 22, na SACCOS 19. Nilidhani nimemaliza. Ushuru wa stempu asilimia 1, ambayo ni 580,000. Wakili 1,200,000. Kodi ya pango la ardhi haikuwa imelipwa miaka mitatu, 162,000. AUWSA walikuwa wanadai maji 214,000 na mita ilikuwa imeondolewa. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ya chini, kwa hiyo malimbikizo yake utakutana nayo kwenye umeme wa kwanza utakaonunua. Weka mthamini na mpima niliokwisha kuwataja, weka mabomba na kipande cha paa milioni 2.4. Zaidi ya milioni 5 juu ya 58, na ilinibidi nishone sare za Januari usiku na mchana. Atakayekuja kwako na pesa ya nyumba kamili bila hiyo ya pembeni, mrudishe akajipange.

Hati yenye jina langu ilitoka baada ya miezi mitano. Fomu za uhamisho zilirudishwa mara mbili, mara moja kwa sababu jina la mzee kwenye hati lina herufi moja isiyokuwepo kwenye kitambulisho chake, tukaenda kuapa kiapo cha majina. Angalia majina mapema.

Wao walihama kabla ya miezi miwili kwisha, wakaenda kupanga Usa River. Mama aliniachia pazia za sebuleni na parachichi mbili uani, moja ndiyo inazaa. Mwaka wa kwanza msimu ulipofika nilijaza kiroba, nikampa kondakta wa daladala la Usa ampelekee. Alinipigia simu jioni akaniuliza kama ile bomba ya jikoni bado inavuja ukifungua kushoto. Nikamwambia ndiyo. Akasema mzee aliifunga na raba ya tairi kwa ndani, niikague.

Niliikagua. Ilikuwepo.